Kufuatilia Barafu ya Bahari katika Ncha za Dunia: Mbinu, Matokeo na Suala la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wanasayansi wanavyofuatilia mabadiliko ya muda mrefu ya barafu ya bahari katika Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini. Inaeleza chimbuko la kumbukumbu hizo, jinsi eneo, unene na umri wa barafu unavyopimwa, na mambo ambayo vipimo vya zaidi ya miaka 45 vimebainisha. Kadhalika, makala inajadili nafasi ya Kiswahili katika kuyawasilisha maarifa haya. Hoja kuu ni kwamba kuiita barafu ya kila aina kwa jina moja si upungufu wa msamiati tu, bali ni kosa linaloweza kumpotosha msomaji kuhusu kinachotokea duniani na hatima yake mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Ichukuliwe sentensi ifuatayo, ambayo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angeweza kuiandika bila kusahihishwa na mwalimu wake: "Barafu ya ncha za dunia inayeyuka na kwa hiyo maji ya bahari yanapanda." Kisarufi sentensi hii haina dosari. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, kiunganishi kimetumika ipasavyo, na maana inaonekana bayana. Hata hivyo, endapo barafu inayorejelewa ni ile inayoelea juu ya bahari ya Aktiki, basi sentensi hii si sahihi. Barafu hiyo ikiyeyuka yote, kina cha bahari hakitapanda ila kwa kiasi kidogo mno.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa jikoni. Kipande cha barafu kikitiwa katika bilauri na maji yakajazwa hadi ukingoni, kipande hicho kitayeyuka bila maji kumwagika. Sababu ni kwamba kitu kinachoelea huwa tayari kimeyasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Barafu ya nchi kavu, kama ile iliyofunika kisiwa cha Greenland na bara la Antaktika, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ikiyeyuka huongeza baharini maji ambayo hayakuwamo, sawa na mtu anayemimina maji ya mtungi katika bilauri iliyokwisha kujaa.

Tofauti hii si ya wataalamu wa fizikia pekee. Mkaazi wa Lamu, Mombasa au Pemba anayetaka kujua iwapo bahari itaufikia ukuta wa nyumba yake anahitaji kuambiwa ni barafu ipi inayohusika. Mwandishi anayemweleza kwa Kiswahili ana wajibu wa kumpa maneno yanayotofautisha. Ndiyo maana suala linaloonekana kuwa mbali sana na Afrika Mashariki linastahili kujadiliwa na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

2.0 Barafu ya bahari ni nini?

Barafu ya bahari ni maji ya bahari yaliyoganda. Kutokana na chumvi, maji ya bahari hayagandi kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi kama maji matamu, bali huganda kwenye takriban nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Yanapoganda, sehemu kubwa ya chumvi hutolewa nje na kushuka chini pamoja na maji mazito. Kiasi kinachobaki hujificha katika vijishimo vidogo ndani ya barafu, na hupungua kadiri barafu inavyozeeka.

Barafu hii hukua na kupungua kwa majira. Katika Ncha ya Kaskazini hufikia upeo wake mwezi Machi na kupungua kabisa mwezi Septemba. Katika Ncha ya Kusini mambo huwa kinyume: upeo ni Septemba na upungufu ni Februari. Maumbile ya ncha hizi mbili nayo yanatofautiana. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Kwa sababu hiyo, barafu ya kaskazini hubanwa na fukwe na huweza kuishi miaka kadhaa, ilhali sehemu kubwa ya barafu ya kusini husambaa huru na kuyeyuka kila kiangazi.

Umuhimu wa barafu ya bahari unatokana zaidi na rangi yake. Barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoifikia. Bahari iliyo wazi, kwa kuwa ni nyeusi, hufyonza zaidi ya asilimia 90. Hivyo, barafu inapotoweka, bahari hupata joto. Bahari ikipata joto, barafu zaidi hutoweka. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na ni mojawapo ya sababu zinazofanya Aktiki ipate joto kwa kasi kuliko wastani wa dunia. Kwa hiyo, ijapokuwa barafu inayoelea haipandishi kina cha bahari moja kwa moja, kutoweka kwake huchangia joto ambalo huyeyusha ile ya nchi kavu. Hapa ndipo uhusiano wa kweli kati ya barafu hizo mbili ulipo, na sentensi iliyonukuliwa katika utangulizi inauficha.

3.0 Kumbukumbu kabla ya setilaiti

Watu wa kwanza kuifuatilia barafu ya bahari ni wale wanaoishi nayo. Katika lugha ya Inuktitut, inayozungumzwa na Wainuiti wa Kanada, barafu ya bahari huitwa siku. Kwa msemaji wa Kiswahili sadfa hii ya sauti inavutia, ingawa lugha hizi hazina nasaba yoyote. Lugha za jamii hizo hutofautisha barafu kwa umri, uimara na mahali ilipo. Mathalani, katika lugha ya Wainupiati wa Alaska neno sikuliaq hurejelea barafu changa ya bahari. Tofauti hizi hazikuzuka kwa ajili ya mapambo. Mwindaji asiyeweza kutofautisha barafu changa na kongwe hukanyaga mahali pasipombeba.

Kumbukumbu nyingine zilitokana na mabaharia. Manahodha wa merikebu za kuvua nyangumi na za biashara waliandika katika daftari zao mahali walipokutana na ukingo wa barafu. Daftari hizo, pamoja na ramani za barafu zilizochorwa na taasisi za hali ya hewa kama ile ya Denmark, zimewawezesha watafiti kukadiria hali ya barafu ya Aktiki hadi miaka ya 1850.

Tukio moja la kihistoria lilipanua sana maarifa haya. Mnamo mwaka 1881 meli ya Marekani iliyoitwa Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini ya Siberia ikazama. Miaka mitatu baadaye, mabaki yaliyosadikiwa kuwa yake yaliokotwa karibu na pwani ya Greenland, upande wa pili wa bahari ya Aktiki. Mnorwe Fridtjof Nansen alihitimisha kwamba barafu ile haikuwa imetulia, bali ilikuwa ikisafiri. Aliunda meli ya Fram kwa umbo ambalo lingeifanya iinuliwe na barafu badala ya kupondwa, akaiacha igandishwe makusudi mwaka 1893. Mwaka 1896 meli hiyo ilichomoza salama upande wa Atlantiki. Nadharia iliyotokana na vipande vya mbao ilikuwa imethibitishwa.

Njia hiyo ya kuifuata barafu kwa kuelea nayo iliendelezwa katika karne ya ishirini. Mwaka 1937 Warusi wanne wakiongozwa na Ivan Papanin walipiga kambi juu ya pande la barafu karibu na Ncha ya Kaskazini, wakaelea nalo kwa siku 274 wakipima kina, mikondo na hali ya hewa. Kati ya mwaka 2019 na 2020, meli ya Kijerumani Polarstern iliurudia mfano wa Fram katika msafara ulioitwa MOSAiC, uliowahusisha watafiti wa mataifa 20.

Hata hivyo, kumbukumbu za aina hii zina upungufu wa kimsingi. Baharia huandika mahali alipopita, si mahali asipofika. Aidha, manahodha waliiepuka barafu, na wakati wa majira ya baridi hawakwenda kabisa. Ili mabadiliko ya bahari nzima yajulikane, lilihitajika jicho linaloona kila mahali na kila siku.

4.0 Vipimo kutoka angani

4.1 Eneo

Tatizo la kwanza la kuitazama ncha ya dunia kutoka angani ni giza. Kwa miezi kadhaa jua halichomozi, na hata linapochomoza, mara nyingi mawingu hutanda. Kamera ya kawaida haifai. Utatuzi ulipatikana katika mawimbi ya maikrowevu. Kila kitu hutoa kiasi kidogo cha mawimbi hayo chenyewe, bila kumulikwa. Barafu ya bahari huyatoa kwa nguvu zaidi kuliko maji yaliyo wazi, na mawimbi hayo hupenya mawingu. Chombo kinachoyapokea kinaweza kutofautisha barafu na maji usiku na mchana.

Chombo cha awali cha aina hii kilirushwa na setilaiti ya Nimbus 5 mwezi Desemba mwaka 1972. Kumbukumbu isiyokatika, hata hivyo, huhesabiwa tangu Nimbus 7 iliyorushwa Oktoba 1978. Kuanzia mwaka 1987 kazi hiyo ilichukuliwa na vyombo vilivyobebwa na msururu wa setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani, na baadaye vikaongezwa vyombo vya Japani. Kituo cha kitaifa cha data za theluji na barafu kilichoko Boulder, Colorado, ni miongoni mwa taasisi zinazokusanya na kuchapisha matokeo hayo kila siku.

Namna ya kuhesabu inahitaji kueleweka vyema, kwani hapa pana maneno mawili yanayokaribiana. Ramani ya bahari hugawanywa katika vyumba vya mraba, aghalabu vya kilomita 25 kwa 25, yaani kilomita za mraba 625 kila kimoja. Chumba chochote ambacho angalau asilimia 15 yake ni barafu huhesabiwa kuwa kimefunikwa chote. Jumla ya vyumba hivyo inaweza kuitwa mtandao wa barafu. Njia ya pili ni kuhesabu sehemu ya chumba yenye barafu tu, na jumla yake huitwa eneo halisi.

Mfano ufuatao unafafanua. Pawe na vyumba vitatu: cha kwanza kina barafu asilimia 90, cha pili asilimia 40, cha tatu asilimia 10. Kwa njia ya kwanza, vyumba viwili vinatimiza sharti. Mtandao ni kilomita za mraba 1,250. Kwa njia ya pili, vyumba hivyo hivyo viwili vinatoa 562.5 na 250, yaani 812.5. Takwimu mbili zimetokana na bahari moja katika siku moja, na zote ni sahihi. Mwandishi anayechukua moja kutoka chanzo hiki na nyingine kutoka chanzo kile, kisha akazilinganisha, atatangaza mabadiliko ambayo hayajatokea.

Huenda msomaji akauliza kwa nini njia ya kwanza, inayoonekana kutia chumvi, ndiyo itumikayo zaidi. Jibu ni kwamba wakati wa kiangazi vidimbwi vya maji hutokea juu ya barafu, na chombo cha angani huvidhani kuwa ni bahari. Eneo halisi huathiriwa sana na kosa hilo. Mtandao huathiriwa kidogo. Kwa ulinganishaji wa muda mrefu, kipimo kinachokosea kidogo na kwa namna ileile kila mwaka ni bora kuliko kile kinachodai usahihi na kuyumba.

4.2 Unene na umri

Bahari inaweza kufunikwa na barafu nene au na utando mwembamba, na mtandao usionyeshe tofauti. Vipimo vya mwanzo vya unene juu ya maeneo mapana vilitokana na nyambizi za kijeshi zilizopita chini ya barafu tangu mwaka 1958, zikipima kwa mwangwi kina cha sehemu iliyozama. Watafiti waliolinganisha safari za miaka ya 1958 hadi 1976 na zile za miaka ya 1990 waligundua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, kuwa sehemu hiyo ilikuwa imepungua kwa takriban mita 1.3 kwa wastani.

Siku hizi unene hukadiriwa kutoka angani. CryoSat-2 ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2010, hutumia rada; ICESat-2 ya Marekani, iliyorushwa mwaka 2018, hutumia miali ya leza. Zote hupima kimo cha barafu kinachojitokeza juu ya maji. Kwa kuwa takriban sehemu moja tu ya kumi ndiyo inayojitokeza, kosa la sentimita 5 juu huweza kuwa kosa la takriban nusu mita katika unene wote. Theluji iliyolala juu ya barafu huzidisha ugumu huo, kwani uzito wake huididimiza barafu.

Umri nao hufuatiliwa kwa kuandama mwendo wa barafu wiki baada ya wiki. Barafu iliyoponea kiangazi kimoja au zaidi huwa nene na sugu kuliko iliyoganda majira yaliyopita.

5.0 Matokeo ya vipimo

Mnamo Septemba 1979 mtandao wa barafu ya Aktiki ulipungua hadi takriban kilomita za mraba milioni 7. Mnamo Septemba 2012 ulifikia milioni 3.39, kiwango cha chini kabisa katika kumbukumbu za setilaiti. Tofauti hiyo ni kama mara sita ya eneo la nchi ya Kenya.

Hata hivyo, kulinganisha miaka miwili pekee ni hatari. Mwaka uliofuata, 2013, barafu haikushuka chini ya milioni 5. Mtu aliyetaka kubisha angeweza kusema, bila kudanganya hata neno moja, kwamba barafu ya Aktiki ilikuwa imeongezeka kwa karibu nusu katika mwaka mmoja. Angekuwa amesema kweli na kupotosha papo hapo. Upepo na hali ya hewa ya kiangazi kimoja huweza kuisukuma barafu huku au kule. Mwelekeo huonekana tu pale miaka mingi inapowekwa pamoja. Na inapowekwa pamoja, hakuna utata: miaka yote 19 kati ya 2007 na 2025 ndiyo yenye viwango 19 vya chini zaidi vya Septemba tangu vipimo hivyo vianze. Kwa wastani, barafu ya Septemba imepungua kwa takriban asilimia 12 kila mwongo, ikilinganishwa na wastani wa mwaka 1981 hadi 2010. Majira ya baridi nayo hayakusazwa: upeo wa Machi 2025, milioni 14.33, ulikuwa wa chini kuliko wote uliowahi kurekodiwa na setilaiti.

Badiliko kubwa zaidi huenda ni lile lisiloonekana katika mtandao. Katikati ya miaka ya 1980, barafu yenye umri wa zaidi ya miaka minne ilikuwa takriban theluthi moja ya barafu ya Aktiki mwezi Machi. Katika miaka ya karibuni imekuwa chini ya asilimia 5. Bahari ingali inafunikwa kila majira ya baridi, lakini kifuniko chenyewe ni kichanga na chembamba.

Ncha ya Kusini inatoa funzo la aina nyingine. Kwa miongo kadhaa barafu ya bahari ya Antaktika iliongezeka kidogo kidogo, na Septemba 2014 ilivuka kilomita za mraba milioni 20 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za setilaiti. Kisha, kuanzia mwaka 2016, ikaporomoka ghafla. Februari 2023 ilishuka hadi takriban milioni 1.79, na Septemba ya mwaka huohuo upeo wake haukufika milioni 17. Joto la maji yaliyo chini ya tabaka la juu la bahari linatajwa miongoni mwa sababu, ijapokuwa wanasayansi wangali wanajadiliana kuhusu uzito wa kila sababu. Waliotumia ongezeko la awali kama ushahidi kwamba dunia haipati joto walijikuta hawana hoja. Nao waliodhani kwamba ncha zote mbili zingetenda mamoja walikuwa wamekosea pia. Subira ya kipimo ndiyo iliyowasahihisha wote.

6.0 Thamani na udhaifu wa kumbukumbu ndefu

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kumbukumbu ya barafu ni kibaba kilichojazwa na siku zaidi ya 16,000, moja baada ya nyingine. Hakuna siku moja iliyo na thamani kubwa. Thamani iko katika kutokatika.

Kutokatika huko hakujitokei. Setilaiti huzeeka na kufa, na chombo kipya hakioni sawasawa na cha zamani. Ili takwimu za chombo kimoja ziunganishwe na za kingine, sharti vyote viwili vipime pamoja kwa muda. Chombo cha Nimbus 7 kilipostaafu Agosti 1987, kilikuwa kimefanya kazi na mrithi wake kwa takriban wiki sita tu. Muda huo mfupi ndio unaoshikilia miaka ya kabla na ya baada. Desemba 1987 hadi Januari 1988 pana pengo la wiki kadhaa lisilo na data. Aprili 2016 mtambo wa setilaiti mojawapo uliharibika na ikabidi kazi ihamishiwe kwa nyingine. Mwaka 2025 lilitolewa tangazo kwamba usambazaji wa data za setilaiti za jeshi la Marekani ungesitishwa. Baadaye usitishaji huo ukaahirishwa, lakini watafiti walikuwa wamekwisha kuanza kuhamia chombo cha Japani.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Picha zilizopigwa na setilaiti ya Nimbus 1 mwaka 1964 zilihifadhiwa kwa miongo mingi katika kanda za filamu. Zilipofukuliwa na kutiwa katika tarakilishi, zilitoa taswira ya barafu ya Antaktika miaka 14 kabla ya kumbukumbu rasmi kuanza. Waliozihifadhi hawakujua zingekuja kutumika hivyo. Somo hili halina budi kuwagusa pia wanaohifadhi miswada, kanda za masimulizi na kamusi za zamani za Kiswahili.

7.0 Kiswahili na barafu

Inasemekana mara nyingi kwamba Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya pwani yenye joto, hakiwezi kuzungumzia ncha za dunia. Hoja hii haina mashiko. Neno barafu linatokana na Kiajemi na neno theluji linatokana na Kiarabu. Yote mawili yamekwisha kuzoea ngeli za Kiswahili kiasi kwamba wasemaji wengi hawayahisi kuwa ni ya kukopwa. Isitoshe, mazingira ya wasemaji hayakukosa barafu. Kilimanjaro na Mlima Kenya zina barafu kileleni, ijapokuwa inapungua. Mmishonari Johannes Rebmann alipoeleza kwamba aliona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, wapo wanajiografia wa Ulaya waliokataa kusadiki kwamba theluji ingeweza kuwako karibu na Ikweta. Ushahidi wa macho ulipuuzwa kwa sababu haukuafikiana na nadharia ya waliokuwa mbali.

Kinachokosekana basi si uwezo bali ni upambanuzi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilichapisha orodha ya istilahi za barafu ya bahari mwaka 1970 ili mabaharia na wataalamu wa lugha mbalimbali waelewane. Kiswahili kinaweza kuanza na chache zilizo muhimu, kwa kutumia mbinu zake za kawaida za uambatanishaji na upanuzi wa maana:

(a) Barafu ya bahari: maji ya bahari yaliyoganda na kuelea.
(b) Barafu ya nchi kavu: barafu iliyotokana na theluji iliyolundikana juu ya ardhi kwa miaka mingi.
(c) Siwa barafu: bonge kubwa lililomeguka kutoka barafu ya nchi kavu na kuelea baharini. Siwa hapa ina maana ya kisiwa kikubwa.
(d) Pande la barafu: kipande bapa cha barafu ya bahari kinachoelea peke yake.
(e) Barafu changa na barafu kongwe: ya kwanza haijaponea kiangazi, ya pili imeponea kimoja au zaidi.
(f) Mtandao wa barafu na eneo halisi, kama yalivyofafanuliwa katika sehemu ya 4.1.

Istilahi (c) imekwisha kuingia katika kamusi; nyingine ni mapendekezo yanayoweza kukosolewa. Mathalani, neno mtandao limekwisha kutwaliwa na taaluma ya mawasiliano, na huenda mtu akaona kuwa upeo au mweneo ni bora. Mjadala kama huo una manufaa, almuradi mwishowe maneno mawili yabaki kwa dhana mbili.

Kwa kutumia istilahi hizi, sentensi ya utangulizi inaweza kuandikwa upya: "Barafu ya bahari katika Aktiki inapungua na kuifanya bahari ifyonze joto zaidi, joto hilo huchangia kuyeyusha barafu ya nchi kavu, nayo ndiyo inayopandisha maji ya bahari." Sentensi imerefuka kidogo. Lakini sasa mkaazi wa Lamu amejua la kuangalia.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ufuatiliaji wa barafu ya bahari umepitia mikononi mwa wawindaji, mabaharia, nyambizi na setilaiti, na kwamba kila hatua ilisahihisha upungufu wa iliyotangulia bila kuifuta. Imebainika kuwa barafu ya Aktiki imepungua kwa eneo, unene na umri, na kwamba ile ya Antaktika, baada ya kuongezeka kwa muda, nayo imeporomoka tangu mwaka 2016. Imebainika pia kuwa hitimisho hizi zisingewezekana kwa kutazama mwaka mmoja au miwili.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, kazi iliyopo ni ya aina ileile: kutofautisha, kurekodi na kuendelea bila kukatika. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ni yule aliyeyatazama mawingu kwa miaka mingi, na aliye na jina la kila aina ya wingu, anayeweza kuwaambia wenzake ni lipi lenye mvua.